Rubani wa ndege binafsi anapotamani shirika la ndege: uchambuzi wa kisa kimoja

Alikuja na simu mbili, moja yake, moja ya kazi. Ya kazi aliilaza mezani kioo kikiangalia juu, na kila baada ya dakika chache macho yake yalikimbilia pale. Tulikaa saa mbili na nusu na haikulia hata mara moja. Nilimuuliza mara ya mwisho kuizima ilikuwa lini. Akakuna kidevu, akafikiri, akasema: "Mwaka juzi, siku niliyofanyiwa upasuaji."

Mimi hufundisha marubani kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, na wanaonijia kuuliza habari za kuhama ni wengi. Wengi wao nawajibu kwa dakika kumi. Huyu alinichukua wiki tatu, na ameniruhusu nikiandike kisa chake bila jina wala mahali.

Alikuwa na umri wa miaka 43. Daftari lake lilikuwa na saa 5,200 za kuruka, kati ya hizo 3,900 kwenye jeti za marubani wawili, na 1,800 akiwa rubani mkuu wa Gulfstream G550 ya mwenye mali mmoja. Kikosi kizima kilikuwa watu wanne: yeye, rubani mwenzake wa miaka 58, fundi mmoja na mhudumu mmoja. Nyumbani ana mke na watoto wawili. Mfukoni alikuwa na barua kutoka shirika la ndege la ukubwa wa kati: kazi ya rubani msaidizi kwenye Airbus A320, mafunzo yakilipwa na shirika kwa sharti la kukaa miaka mitatu, la sivyo arudishe gharama. Alipewa siku 21 za kujibu.

Swali lake aliliweka hivi: "Mwalimu, nikubali kushuka cheo?"

Nilimwambia hilo tutalijibu mwisho, kama bado litakuwepo.

Kazi aliyokuwa nayo

G550 si mchezo. Ikijaa ina uzito wa zaidi ya tani 41 na inaweza kwenda kilomita 12,500 bila kutua kuongeza mafuta. Anayeiongoza amefika mbali katika ufundi huu. Lakini sehemu kubwa ya siku ya rubani wa ndege binafsi haitumiki angani. Huyu bwana alikuwa akifika uwanjani saa tatu kabla ya safari. Anaagiza mafuta mwenyewe, anafuatilia vibali vya kupita na kutua, anahesabu uzito, anakagua chakula kilicholetwa, anapiga simu kuhakikisha gari litamngoja mzee upande wa pili. Mizigo anaipanga kwa mikono yake, na anajua begi lipi linatakiwa litoke kwanza. Halafu anangoja. Siku moja abiria walisema wanashuka kwa saa moja tu, wakarudi baada ya saa tisa. Yeye na mwenzake walikaa ndani ya ndege wakihesabu muda wao wa kazi unaoruhusiwa unavyoyoyoma, wakijua kwamba ukiisha watalazimika kumwambia mwenye ndege kuwa hairuki. Sentensi hiyo hakuna rubani wa ndege binafsi anayependa kuitamka.

Mwaka uliotangulia alikuwa amerusha saa 310 tu. Wanaofanya kazi za namna hii wengi wako karibu na hapo: saa chache, siku nyingi za kuwa tayari. Rubani wa shirika la ndege za abiria Ulaya anaruhusiwa hadi saa 900 kwa mwaka wa kalenda na 100 ndani ya siku 28, na mashirika yenye ndege nyingi za safari fupi huisogelea sana mipaka hiyo. Kwa karatasi, basi, mtu wetu alikuwa akipumzika. Lakini siku zake za kupumzika hazikuwa na jina. Hakujua asubuhi kama leo ni ya kazi au ya nyumbani hadi iishe. Binti yake alikuwa ameshaacha kumwalika kwenye shughuli za shule, humwambia zikishapita.

Nisimfanye mwajiri wake kuwa mtu mbaya, maana hakuwa. Mama wa rubani wetu alipolazwa, mwenye ndege ndiye aliyekaa kwenye simu kumtafutia daktari bingwa. Fadhila hiyo ilikuwa mezani wakati wote tulipozungumza, ingawa hakuitaja hadi siku ya pili.

Jambo la mwisho kuhusu kazi hii: fundi wao alikuwa amemnong'oneza kwamba watu wawili wasiofahamika walikuja kukagua vitabu vya matengenezo ya ndege. Mwenye ndege anayeita watu wakague vitabu vyake kwa kawaida hana nia ya kusoma.

Namba

Katika ndege binafsi, maisha yako yanategemea mtu. Katika shirika la ndege yanategemea namba. Kila rubani anayeingia hupewa nafasi yake kwenye orodha ya ukongwe kulingana na tarehe ya kuanza, na orodha hiyo ndiyo inayoamua nani anakuwa rubani mkuu lini, nani anachagua likizo kwanza, nani anahamia ndege kubwa, nani anapata Jumapili nyumbani na nani anakaa zamu ya akiba, yaani kungoja aitwe kazini wakati wowote. Shirika likipunguza watu, linaanza chini ya orodha. Si kila shirika linaushika ukongwe kwa ukali huo, na yapo yanayopima utendaji pia, lakini yale makubwa ya Marekani na mengi ya zamani ya Ulaya yamejengwa juu yake. Saa zako 5,200 hazikupandishi hata nafasi moja. Kijana wa miaka 25 aliyeanza Jumatatu yuko juu yako uliyeanza Jumanne, na atabaki juu yako hadi mmoja wenu astaafu.

Hapa ndipo niligundua kwamba rubani wetu, mtu anayehesabu mafuta hadi kilo ya mwisho, hakuwa amepiga hesabu ya maisha yake. Afisa wa ajira alimwambia kuwa cheo cha rubani mkuu kinakuja "baada ya miaka minne hadi mitano". Yeye akaichukua kama utabiri wa hali ya hewa, akaiweka mfukoni.

Tulichukua karatasi. Shirika lilikuwa na marubani wapatao 900, nusu yao marubani wakuu. Nilimtuma aulize mambo mawili ambayo waombaji karibu wote husahau kuuliza: marubani wangapi watafika miaka 65, umri wa kustaafu, ndani ya miaka kumi ijayo, na ni ndege ngapi zimeagizwa kuongezwa, siyo kuchukua nafasi ya za zamani. Majibu yalikuja baada ya kubembeleza: watu 260, na ndege 18.

Ndege moja ya safari fupi huhitaji jozi tano hivi za marubani ili iruke siku zote za wiki. Ndege 18 ni kama viti 90 vipya vya marubani wakuu, kwa hiyo viti vinakuwa 540. Yeye akianza namba 900, wakistaafu 260 mbele yake atakuwa wa 640. Tukakisia kwamba watu kumi kwa mwaka walio juu yake wataacha kazi kwa sababu nyingine. Hao ni 100 katika miaka kumi. Wa 540. Kiti cha mwisho cha kushoto, anachokaa rubani mkuu, akiwa na miaka 53.

Kuna kitu kinachofupisha muda huo. Wapo marubani wasaidizi wa siku nyingi wanaokataa kupanda, kwa sababu akiwa msaidizi mkongwe anapata wikiendi na akiwa rubani mkuu mchanga anarudi kwenye akiba. Tukiwaondoa hao, pengine miaka minane. Mwaka wa nne au wa tano ungewezekana tu kama shirika lingeendelea kukua kila mwaka bila kukwaa popote, na katika biashara hii ni wachache wanaokua miaka mitano bila kukwaa.

Alikaa kimya. Kisha akauliza kitu kilichonionyesha ameanza kuelewa: "Nikingoja miaka miwili, ndege ikiuzwa ndipo niondoke, nimepoteza nini?"

Umepoteza miaka miwili ya mwisho, nikamwambia, si ya kwanza. Watu hudhani wakichelewa wanaahirisha miaka migumu ya mwanzo. Miaka migumu iko palepale, inakungoja. Kinachokatwa ni kule mwishoni, ukiwa rubani mkuu mkongwe unayechagua safari, kwa sababu tarehe ya kustaafu haisogei. Mwaka 2006 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ilipandisha kikomo cha umri wa marubani wa safari za kibiashara za kimataifa kutoka miaka 60 hadi 65, na Marekani ikabadili sheria yake mwishoni mwa 2007. Miaka ya karibuni kuna waliosukuma kifike 67 huko Marekani. Sheria ya usafiri wa anga iliyopitishwa Mei 2024 ikakiacha 65.

Ila kikomo hicho ni cha safari za kibiashara. Anayerusha ndege ya mtu binafsi, isiyochukua abiria wa kulipa, katika nchi nyingi hafungwi nacho mradi cheti chake cha afya kiko hai. Hili ndilo lililonifanya nielemee upande mmoja, nami sikumficha. Milango yake miwili haikuwa inafungwa siku moja. Wa shirika la ndege ulikuwa unasinyaa kila mwaka. Wa ndege binafsi ungebaki wazi hata baada ya kustaafu kwenye shirika, tena huko wanampenda rubani mwenye mvi.

Fedha, kwa haraka

Tulikubaliana tusitaje fedha za nchi yoyote. Mshahara wake wa sasa tukauita mia. Shirika lingemlipa 64 mwaka wa kwanza, likipanda sita kila mwaka hadi kufika 100 mwaka wa saba. Pengo lote ukilijumlisha ni 126, yaani mshahara wake wa sasa wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Rubani mkuu analipwa 150. Akipata cheo hicho, kila mwaka analipa 50 ya deni lile. Miaka miwili na nusu linakwisha. Baada ya hapo ni faida hadi 65.

Mke wake, ambaye alikuja kikao cha tatu na ndiye aliyekuwa na kichwa cha hesabu kuliko sisi wote, aliuliza jambo moja tu: hiyo mia ya sasa, nani ameihakikisha? Hakuna aliyejibu.

Upande upi unaanguka

Marubani hubishana juu ya usalama wa kazi kana kwamba upande mmoja unao na mwingine hauna. Pande zote huanguka. Tofauti ni kinachoziangusha.

Ndege binafsi huangushwa na moyo wa mtu au na sura yake mbele ya umma. Novemba 2008 wakuu wa kampuni za magari za General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuomba msaada wa serikali, kila mmoja kwa jeti ya kampuni. Wabunge waliwaaibisha hadharani. Kikao kilichofuata, Desemba, walikwenda kwa magari, na idara za ndege za kampuni zao zikaanza kufumuliwa. Marubani wa jeti zile hawakuwa wamekosea lolote. Waliruka vizuri, wakatua vizuri, na kutua kwao ndiko kulikopigwa picha.

Shirika la ndege huangushwa na mafuta, magonjwa, vita na madeni. Thomas Cook ya Uingereza ilifunga Septemba 2019 usiku mmoja, na namba za ukongwe za marubani wake zikawa karatasi, maana namba haihami na wewe. Aliyekuwa wa kumi kwake anaanza wa mwisho kwa jirani. Mwaka 2020 mashirika yaliegesha ndege kwa maelfu huku jeti binafsi zikirudi angani mapema zaidi, kwa sababu wenye uwezo hawakutaka kukaa karibu na watu. Halafu upepo ukageuka tena: Machi 2023 marubani wa shirika la Delta la Marekani walipitisha mkataba uliowapa nyongeza ya jumla ya asilimia 34 katika miaka minne. Wakati huohuo wenzao wa Spirit walikuwa wanaelekea kwingine. Shirika lao liliomba ulinzi wa mufilisi Novemba 2024, likaomba tena Agosti 2025, na marubani kwa mamia wakasimamishwa.

Kwa hiyo swali la kufaa halikuwa kazi ipi ni salama. Lilikuwa: ikianguka, utajua mapema kiasi gani? Shirika linaanguka mbele ya magazeti, kwa miezi. Mwenye ndege anauza kwa saini moja, na wewe unajua kwa sababu fundi amekunong'oneza.

Simuleta ilivyosema

Kabla hajajibu barua nilimwomba aje tujaribu saa mbili. Nilikuwa na hofu ya A320 yenyewe: fimbo ya pembeni badala ya usukani, kompyuta zinazokaa katikati ya mkono wako na mabawa, mikono ya nguvu ya injini ambayo haitembei yenyewe. Hapa nilikosea kabisa. Mambo hayo aliyazoea kabla ya chai.

Tatizo lilikuwa kwingine. Nilimzimia injini moja mara tu baada ya kuinua pua. Aliishika ndege kwa ustadi, ikanyooka kama kamba. Kisha, mkono mmoja ukiwa kwenye fimbo, wa pili ukaenda kwenye redio, ukatoka ukaenda kwenye swichi ya injini, ukarudi kuchukua orodha ya ukaguzi. Aliyekuwa amekaa kando yake, kijana wangu wa mafunzo, alikuwa na mikono magotini kama abiria. Nilisimamisha simuleta. "Huyu ni nani?" nikamuuliza nikimwonyesha kijana. Akacheka, lakini uso ulimbadilika.

Shirika la ndege haliajiri mikono miwili mizuri. Linaajiri nusu ya watu wawili. Anayerusha anarusha, anayefuatilia anafuatilia, kila neno lina mahali pake na linasemwa vilevile na mtu uliyekutana naye dakika arobaini zilizopita. Katika kikosi cha watu wawili walioruka pamoja miaka sita, maneno mengi hufa. Mnaelewana kwa kutikisa kichwa. Unaweza kuliita ukomavu, na mara nyingi ndivyo lilivyo, hadi siku kichwa kinapotikiswa juu ya jambo ambalo halijafanyika.

Nilimkumbusha ajali ya Gulfstream IV pale Bedford, Massachusetts, tarehe 31 Mei 2014. Marubani wawili wenye uzoefu, waliozoeana kwa miaka mingi, walianza kukimbia kwenye njia ya kurukia wakati kifungo kinachozuia usukani usichezwe na upepo hakijafunguliwa. Ukaguzi wa sekunde chache wa kuzungusha usukani ungewaambia. Wote saba waliokuwa ndani walikufa. Wachunguzi waliposoma kumbukumbu za ndege walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, asilimia 98 ziliondoka bila ukaguzi huo kufanywa kikamilifu. Kila mtu anayerusha jeti ya familia ya Gulfstream anaijua hadithi hiyo. Yeye pia aliijua. Nilimuuliza tu: wewe na mwenzako, mara ya mwisho kusoma orodha kwa sauti ilikuwa lini? Hakuniambia, na sikumsukuma.

Alirudi mara tatu zaidi. Kazi yetu ilikuwa moja: kumfundisha kuikalia mikono yake.

Kuhusu saa, kwa kuwa watu huniuliza: leseni ya juu ya rubani wa usafiri wa anga hutaka saa 1,500, na yeye alizipita zamani. Marekani iliifanya idadi hiyo kuwa sharti hata kwa rubani msaidizi wa shirika la abiria mwaka 2013, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Mashirika huangalia zaidi saa za jeti nzito, saa za marubani wawili, na umeruka kiasi gani miezi ya karibuni. Hapo mwenzetu alikuwa na upungufu. Safari ndefu ya saa kumi na mbili ina kutua kumoja, na kutua huko mnagawana wawili. Kijana wa safari fupi anatua mara nyingi zaidi kwa wiki kuliko yeye kwa mwezi. Tena saa zake za ndege binafsi zilihitaji ushahidi. Shirika lilitaka barua yenye saini ya mwendeshaji, na kuiomba barua hiyo ni kumwambia mwajiri unaondoka. Nawashauri wote: iombeni kila mwaka, kama desturi, mkiwa hamna mpango wa kwenda popote.

Njia ya tatu

Kabla ya siku 21 kwisha nilimfanya afuate mambo mawili ambayo hakuyataka.

La kwanza, amwombe mwenye ndege rubani wa tatu. Watu watatu wakigawana, kila mmoja anapata siku zenye jina. Gharama yake kwa mtu anayemiliki G550 ni ndogo. Aliomba, kwa adabu, kwa maandishi. Jibu lilikuja kupitia msaidizi: "Tutaangalia." Mtu anayetarajia kubaki na ndege yake miaka mitano hujibu kwa sentensi ndefu kuliko hiyo.

La pili, aulize kampuni zinazouza umiliki wa sehemu ya ndege, ambako wateja kadhaa humiliki ndege moja kwa pamoja. NetJets ilianzisha mtindo huo mwaka 1986, na ratiba yao iliyozoeleka ya siku saba kazini na siku saba nyumbani ndiyo hasa dawa ya ugonjwa wake: jeti zilezile, abiria walewale, lakini simu inajua siku. Kwa maoni yangu, kwa rubani wa miaka hamsini anayependa jeti ndogo, hii mara nyingi hushinda shirika la ndege. Kampuni kama hiyo ilimjibu kwamba foleni yao ni ya miezi sita au zaidi, na huko nako angeanzia kiti cha kulia.

Nyingine tulizipitia tukisimama. Ndege za mizigo: usiku mwingi, mke wake akakataa kabla sijamaliza. Kufundisha kwenye simuleta kama mimi: bado kijana, na nilimwambia waziwazi kwamba mwalimu aliyeacha kuruka mapema hukauka. Kurusha kwa mkataba wa siku kwa siku: fedha nzuri, ila ni simu mbili kugeuka simu nne.

Kilichobaki kilikuwa ile fadhila ya hospitali. Alihisi kuondoka ni kumgeuka mtu. Sikuwa na hesabu ya jambo hilo. Mke wake ndiye aliyelimaliza: aende mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya mtu mwingine kusema, na atoe miezi mitatu badala ya mmoja wa mkataba. Shirika lilikubali kumsogezea darasa la kuanza kwa wiki saba. Wiki hizo zilimgharimu nafasi 22 kwenye orodha. Nilimwambia asifanye hivyo. Alifanya, na sidhani nilikuwa sahihi.

Mwenye ndege alimpa mkono, akamuuliza habari za mama yake, akamwambia kwamba ndege itauzwa ndani ya mwaka. Iliuzwa baada ya miezi saba.

Rubani mwenzake wa miaka 58 alibaki hadi siku ya mwisho na kuikabidhi yeye mwenyewe kwa mnunuzi. Kwake yeye kwenda shirika la ndege lilikuwa jambo lisilo na maana: miaka saba, yote kiti cha kulia, mingi yake kwenye akiba. Mnunuzi alimchukua pamoja na ndege. Leo anaruka saa chache, analipwa vizuri, na ananiambia hana mpango wa kusimama akifika 65.

Rubani wetu alimaliza mafunzo ya A320 bila kurudia hatua yoyote. Siku yake ya kwanza na abiria alishuka ngazi, akazunguka hadi mlango wa mizigo, akaanza kuangalia begi lipi liko juu. Mpakiaji akamuuliza anatafuta nini. Akasema hakuna, akapanda. Safari nne siku hiyo, na ya nne iliondoka dakika mbili kabla ya wakati, jambo lililomshangaza kuliko kompyuta zote.

Kuhusu kushuka cheo hakuuliza tena.

Nilikuwa nimemwonya jambo moja ambalo halikumfurahisha: anayekimbia simu na kwenda shirika la ndege hukutana nayo tena mwaka wa kwanza, kwa sababu aliye chini ya orodha ndiye anayekaa akiba. Mwezi wa nne alinipigia akiwa kwenye gari. Alikuwa kwenye shughuli ya shule ya binti yake, safari hii amealikwa, akiwa zamu ya akiba, na ofisi ya ratiba ilikuwa imempigia katikati ya wimbo: afike uwanjani ndani ya dakika 75. Nilidhani angelalamika.

"Ni ileile, Mwalimu," alisema, na nilisikia kiashiria cha kukata kona kikigonga. "Ila hii inazimwa saa nne usiku. Na kesho imeandikwa sipo."